Ukitaka kuisaidia shule ya kijijini kwenu, anza na mwalimu

Sisi tuliosoma shule moja ya msingi wilayani Nachingwea tuna kikundi chetu. Wengi tupo Dar es Salaam, wachache Mtwara na Dodoma, wawili wapo Muscat. Kila mwezi tunachanga, na kila mwaka msimu wa korosho ukiisha mmoja wetu anakwenda kijijini kukagua. Watu wa vijiji vingine wamekuwa wakinipigia simu kuuliza tulianzaje, kwa hiyo nimeziandika hapa hatua tunazofuata, pamoja na mahali tulipojikwaa ili ninyi msijikwae papo hapo.

Nianze na kujikwaa. Mwaka wa kwanza tulichanga, tukatengenezesha madawati 40 Dar es Salaam, ya chuma na mbao, jina la kikundi limeandikwa ubavuni, tukayapakia kwenye fuso hadi kijijini. Akina mama walipiga vigelegele, tukapiga picha, tukarudi mjini mioyo imejaa. Miezi mitatu baadaye nilipita kwa safari ya msiba, nikaingia shuleni kuyaona. Madawati yalikuwepo, watoto wa darasa la kwanza wamekaa watatu watatu, wametulia. Mwalimu hakuwepo. Alihama wiki mbili baada ya sisi kuondoka. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa anawaachia watoto wake zoezi, anavuka uwanja mbio, anawaandikia hawa wadogo kitu ubaoni, anarudi kwake. Mtoto mmoja akanionyesha daftari. Ukurasa wa kwanza: a e i o u. Wa pili: a e i o u. Nilifunua hadi ukurasa wa kumi na moja, irabu zile zile, kwa mwandiko uliokuwa unazidi kuchoka.

Tangu siku ile kikundi chetu hakiulizi kwanza shule imepungukiwa na nini. Tunauliza nani atawafundisha watoto hawa Jumatatu, na nini kitamfanya abaki.

Hatua ya kwanza: nenda ukasikilize

Usiende na orodha ya vitu mlivyokwisha kuamua kuvitoa. Nenda mtu mmoja au wawili, mkae siku mbili au tatu, katikati ya muhula na si wakati wa likizo.

Piga hodi kwa utaratibu. Anza ofisi ya kijiji, kwa mwenyekiti na mtendaji, ndipo uende kwa mwalimu mkuu, usaini kitabu cha wageni, ueleze ulikotoka. Mwombe akukutanishe na kamati ya shule. Kamati hii ni chombo cha kisheria, ina wazazi ndani yake, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Msaada wowote usiopita mikononi mwa kamati utaonekana ni mali ya mtu fulani, na siku mtu huyo akigombana na kijiji msaada nao unakufa. Afisa Elimu Kata naye apewe taarifa mapema, asije akasikia mambo barabarani.

Kisha omba kukaa na walimu peke yao, bila mwalimu mkuu. Kwetu ofisi ya walimu ni chumba chenye meza mbili, kwa hiyo tulikaa nje chini ya mkorosho, karibu na rimu ya lori inayogongwa kama kengele. Nusu saa ya kwanza walitaja yale wanayodhani mgeni anataka kuyasikia: madawati, kompyuta, jengo. Nilinyamaza. Baadaye mwalimu mmoja wa kike akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mvua ikinyesha usiku analala amekaa, maandalio yake ya masomo ameyafunika kwa mfuko wa nailoni mapajani, kwa sababu bati limetoboka juu ya kitanda. Wenzake wakacheka kidogo, wakaanza kusema ya kwao. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kweli.

Uliza pia namba, na uziandike. Ikama ya walimu ikoje: wanatakiwa wangapi, wapo wangapi? Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Matundu ya choo ni mangapi? Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Omba kuona rejista za mahudhurio za mwaka mzima. Kwetu Oktoba na Novemba safu za rejista zinajaa utoro, kwa sababu familia zinahamia mashambani kuokota korosho na watoto wanalala kwenye vibanda huko huko. Jambo hilo dawati haliwezi kulitibu, na ukilijua mapema hutamlaumu mwalimu kwa lisilo lake.

Hatua ya pili: jua fedha ya serikali inafika wapi

Watu wawili watakuambia maneno mawili. Mmoja atasema elimu ni bure, kwa hiyo msaada wa nini? Mwingine atasema serikali haitoi kitu. Wote wanakosea.

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa miaka mingi nyuma, na michango ya lazima ikafutwa kuanzia Januari 2016. Kiwango cha ruzuku kilichowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja na 6,000 zinaletwa shuleni. Chukua shule yenye watoto 400. Ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na shughuli za ofisi. Mishahara ya walimu walioajiriwa inalipwa na serikali moja kwa moja, haimo humo.

Sasa piga hesabu ya upande wenu. Watu 30 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, mwaka unaisha na shilingi 3,600,000, zaidi ya ruzuku yote inayoingia katika shule ile. Hii ndiyo hesabu ninayowaonyesha wanaosema sisi ni wadogo mno, tusubiri mfadhili kutoka nje. Fedha ile ile mkiitumia kwa pupa inaweza pia kuiyumbisha shule nzima, kwa sababu kwa kiwango cha pale ni fedha nyingi.

Jambo moja la kushika: msimtumie mwalimu kukusanya michango kwa wazazi, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Michango ni ya hiari, na inakusanywa na kijiji kwa utaratibu wa kijiji.

Hatua ya tatu: kikundi na karatasi zake

Kwa kikundi kidogo cha wana kijiji, katiba fupi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na akaunti ya benki yenye watia saini watatu vinatosha kuanzia, kisha mkajisajili kwenye halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Mkikua na kutaka kuomba fedha kwa wafadhili, jisajilini kama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Usajili huo una ngazi, kuanzia wilaya hadi taifa, na unakuja na wajibu wa kupeleka taarifa na kulipa ada kila mwaka. Msiukimbilie. Nimeona vikundi vilivyotumia mwaka mzima kutafuta cheti na nembo, na shuleni hawajapeleka hata boksi la chaki.

Chagueni shule moja.

Hatua ya nne: mwalimu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningependa utulie.

Nyumba kwanza. Mwalimu kijana anapopangiwa kijiji asichokijua, anafika na begi na godoro, anaonyeshwa chumba. Akikuta bati zima, choo chenye mlango, mahali pa kuogea na tanki la kukinga maji ya mvua, anaanza kupanga maisha. Akikuta vinginevyo anaanza kuandika barua ya uhamisho. Kukarabati nyumba iliyopo ni nafuu mno kuliko kujenga mpya. Sisi tulianza na ile ya mwalimu aliyekuwa analala amekaa: bati, dari, milango miwili yenye kufuli la maana, sakafu ya choo. Fundi alitoka kijiji hicho hicho. Mwalimu yule yupo hadi leo, na ndiye anayefundisha darasa la kwanza.

Pili, mwalimu wa kujitolea. Karibu kila kijiji sasa kina kijana aliyemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira huku akilima au akiendesha bodaboda. Anaweza kuziba pengo, ila fanyeni kwa uangalifu. Afisa Elimu ajue na akubali. Vyeti vihakikiwe. Kamati ya shule imwandikie mkataba wa muda maalumu unaotaja masomo, saa na posho. Wala msimwahidi kwamba kujitolea huko kutamletea ajira ya serikali, kwa sababu hilo haliko mikononi mwenu. Na hili ni la kufa na kupona: kabla hajaingia darasani, posho yake ya mwaka mzima iwe benki tayari. Mwezi mmoja ukiruka, mlichofanya ni kumkopa mtu maskini kwa nguvu. Sisi tunalipa kila tarehe 28, na mweka hazina anatuma picha ya muamala kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja anaona.

Serikali ikileta mwalimu wa ajira, msimfukuze wa kujitolea siku hiyo hiyo. Mkataba wake uishe kwa heshima.

Tatu, kujifunza kwa walimu wenyewe. Kuna utaratibu wa serikali unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wa shule moja wanakutana, mmoja anaeleza mada iliyomshinda, wanaijadili na kupanga namna ya kuifundisha, na mara nyingine wanakutana na wenzao wa kata katika Kituo cha Walimu. Ni utaratibu mzuri, maana mwalimu anajifunza bila kuacha darasa kwa wiki mbili kwenda semina mjini. Unakwama kwa vitu vidogo: nauli ya bodaboda kwenda kituoni, karatasi, chai ya watu wanane waliotoka darasani na njaa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na Kiingereza sasa ni somo tangu darasa la kwanza. Mwalimu aliyefundisha miaka 20 kwa mtaala wa zamani anahitaji mihtasari mipya ya masomo mkononi na mtu wa kuzungumza naye. Kuchapisha nakala mbili za muhtasari kwa kila mwalimu kulitugharimu kiasi kidogo kuliko jambo jingine lolote tulilowahi kufanya, na walimu hawajaacha kulitaja.

Nne, umeme. Baada ya sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Shule isiyo na umeme mwalimu anabeba kishikwambi hadi dukani kuchaji kwa kulipia, kisha ananunua bando kwa fedha yake. Paneli moja ya sola, betri na sehemu ya kuchajia katika ofisi ya walimu inaondoa adha hiyo. Sola inunuliwe kwa fundi wa wilayani atakayerudi kuitengeneza, na nani atanunua betri mpya ile ya kwanza ikichoka liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla haijafungwa.

Tano, zana. Hapa toa malighafi, usitoe vitu vilivyokamilika. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza anakata mifuko ya saruji, anageuza upande wa ndani, anaandika silabi kwa kalamu nene na kuzitundika kwa kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha. Ana ndoo ya vizibo vya soda. Mtoto anaitwa, anahesabu vizibo 7, anaongeza 5, anatamka jibu kwa sauti, darasa linamwitikia. Tulipomuuliza anataka nini, alisema: manila, kalamu za rangi, gundi na mkasi mkubwa. Vyote tulivipata Nachingwea mjini kwa safari moja.

Hatua ya tano: kijiji nacho kitie mkono

Shule ni ya kijiji, ninyi ni wageni wenye kadi ya ubatizo au cheti cha kuhitimu cha pale. Kila jambo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kijiji kitaje sehemu yake: mchanga, mawe, maji, nguvu kazi, mahindi ya uji wa watoto.

Kwetu kusini korosho zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza 2007, yaani mkulima anakabidhi korosho ghalani na kupewa stakabadhi. Malipo yanapita sehemu moja, kwa hiyo wakulima wakikubaliana katika mkutano wa chama chao kukatwa shilingi chache kwa kila kilo kwa ajili ya shule, fedha inapatikana bila kumgongea mtu mlango. Muhimu ni kwamba waamue wenyewe, kwa muhtasari uliosainiwa, na matumizi yasomwe mkutano unaofuata. Kwenu huenda ikawa pamba, kahawa, tumbaku au mnada wa mifugo.

Kuhusu kujenga nitasema kwa ufupi. Nchi hii imejaa maboma ya madarasa, kuta zimefika lenta, ndani yameota majani. Kama kijiji kina boma, malizieni boma hilo kabla ya kuchimba msingi mpya. Mhandisi wa halmashauri alikague kwanza, ramani ifuate ile inayokubalika, na fedha itoke kwa awamu, kila awamu baada ya kuona iliyotangulia. Na kama watoto wa kitongoji cha mbali wanatembea mno, zungumzeni na halmashauri juu ya shule shikizi, ambapo madarasa ya chini yanafundishwa huko huko kitongojini chini ya uangalizi wa shule mama. Mwaka 2021 serikali ilielekeza sehemu ya fedha za UVIKO-19 kujenga madarasa 3,000 katika shule shikizi, kwa hiyo si jambo geni kwa maofisa.

Hatua ya sita: vitabu

Rafiki yetu mmoja aliyeko Ulaya alitutafutia maboksi ya vitabu vya hadithi vilivyotumika, vizuri, vya rangi, vyote kwa Kiingereza. Vilikaa kabatini vimefungwa, kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa vitachanika na watoto hawakuweza kuvisoma. Mtoto wa darasa la pili anahitaji hadithi ya Kiswahili anachokisema nyumbani, yenye sentensi fupi na watu anaowatambua. Vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa kazi hiyo hiyo, na wachapishaji wetu wana orodha nzuri. Angalia kama kitabu kina ithibati, yaani kibali, ya Kamishna wa Elimu, maana bila hiyo mwalimu anaweza kuambiwa akiondoe darasani.

Mkipeleka, wekeni nakala 10 za kitabu kimoja kuliko nakala moja moja za vitabu 10. Watoto wanne wakisoma kitabu kimoja kwa zamu mwalimu anaweza kuwafundisha pamoja. Mwambieni mwalimu mkuu mbele ya kamati kwamba kitabu kikichanika kwa kusomwa hakuna atakayeulizwa.

Hatua ya saba: hesabu na picha

Fedha ya jengo na vifaa ipite akaunti ya shule, iingie kwenye vitabu vya shule na kusomwa na kamati. Kila miezi mitatu karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: tumepokea kiasi hiki, tumenunua hiki, kimebaki hiki. Risiti zihifadhiwe kwenye jalada ambalo mzazi yeyote anaweza kuomba kuliona. Mara mbili jalada hilo limetuokoa na maneno ya mtaani.

Kuhusu picha, sisi hatupigi picha ya mtoto aliyechanika shati au anayelia ili tupate mchango. Mtoto yule ni wa fulani, na baba yake ana simu. Picha zetu ni za bati jipya, za ubao ulioandikwa, za walimu waliokubali kupigwa. Mfadhili anayetaka picha ya dhiki tunamshukuru na kumwacha. Mgeni yeyote tunayemleta shuleni anakuwa na mwalimu muda wote, hata kama ni mtu tunayemfahamu miaka mingi.

Mkirudi kukagua

Msitoe taarifa ya siku mnayofika, ila mwalimu mkuu ajue mwezi. Mtaandaliwa ngoma na chakula, na kukataa si adabu, kwa hiyo ombeni sherehe iwe jioni, masomo yakiisha.

Asubuhi, kabla ya kuonyeshwa jengo lolote, ingia darasa la kwanza, salimia, omba madaftari matatu ya watoto wasiokaa mbele. Funua toka nyuma kuja mbele. Tazama tarehe: ya mwisho ni lini, na kati ya moja na nyingine kuna siku ngapi. Tazama kama kuna alama ya kalamu nyekundu. Tazama kama mtoto ameshatoka kwenye irabu, kama anaandika ba be bi bo bu, kama kuna mahali ameandika jina la mama yake mwenyewe bila kunakili ubaoni. Ukimaliza mrudishie mtoto daftari lake kwa mikono miwili, kisha nenda ukakae na mwalimu.